Kubisha

Jumatatu mvua ilinyesha kwa ubavu.
Kondoo wa Aberwennol walitugeuzia migongo,
mabati ya klabu yalipiga makofi kabla ya mbio kuanza,
na Idwal, tarishi mstaafu, akaisukuma mashua yake majini
ndani ya kaptula ileile ya miaka kumi na minne.
"Nerys, umelala vyema? Leo utausoma tena mgongo wangu."
Nikamjibu mgongo wake naujua kwa moyo,
hata kiraka cha koti nimekipa jina.

Kwenda joshi hakuna njia nyofu.
Unabisha kulia, unabisha kushoto,
kila bisha inakula pumzi, inakula goti,
na ubavuni pako yupo mtu naye anabisha,
anabisha kwa tanga, anabisha kwa mdomo,
"Njia yangu!"
"Yako tangu lini?"
hadi kwenye boya jekundu, hapo sote kimya,
maana mikono imejaa kamba.

Jumanne alinipita kwa urefu wa kasia.
Jumatano tope la mlango wa mto lilimshika,
nikapita nikimpungia kofia.
Jioni, baa, glasi ya tatu:
"Tope halihesabiwi."
"Tope ni la wote, Idwal. Wewe ndiye uliyelichagua."
Eluned, mkewe, akahamia meza nyingine na sahani yake ya chipsi.

Alhamisi, dakika nne kabla ya honi,
pini ya usukani wangu ilikatika, tk, kama jino.
Nilikwisha kuanza kushusha tanga
kitu kikanigonga begani: soksi ya sufu,
na ndani yake pini ya akiba, imepakwa mafuta.
"Usiizoee!" alipaza sauti, bila kugeuka.
Nilimshinda kwa pini hiyo, kwa upana wa kiganja.
Saa nzima hakunisemesha,
kisha nikamsikia akimweleza kila mtu
jinsi pini yake ilivyoshinda.

Sijasema habari ya buli.
Ni la bati, limebonyea upande wa mkono,
hakuna akumbukaye nani alilitoa.
Mshindi wa wiki huchukua buli,
wa pili huchukua kifuniko,
basi mwaka mzima, atakaye chai iive sawasawa
sharti avae viatu, avuke uchochoro,
abishe hodi.
Miaka kumi na mmoja nimekuwa mtu wa kifuniko.
Hefin wangu alipofariki, kwenye yale matanga mengine,
yasiyongoja upepo,
Idwal alibisha kila asubuhi, buli mkononi,
akasimama kwenye zulia la mlangoni
akitazama viatu vyake.

Ijumaa tulikuwa pointi sawa, na mbio za mwisho huhesabiwa maradufu.
Upepo ukafa.
Dakika arobaini, mashua mbili bega kwa bega,
maji yakiturudisha kinyumenyume kuelekea darajani,
tukibishana nani anarudi nyuma polepole zaidi.
Ndipo Cai, wa miaka kumi na miwili, mwepesi kama bahasha tupu,
akapita katikati yetu juu ya pumzi tusiyoihisi
na kusema, "Samahani,"
kwa adabu iliyouma kuliko kushindwa.

Sasa buli liko kwa Cai, ambaye hanywi chai.
Mama yake amepanda mnanaa ndani yake.
Nasi tumefika mstarini pamoja, pua kwa pua,
mwamuzi ameapa kwamba hakuona, alikuwa anamenya yai.
Asiyekubali kushindwa si mshindani;
sawa, lakini aliyetoka sare akubali nini?

Leo Jumapili, mvua ileile.
Kifuniko kiko mezani kwangu, kwa muda, nilikiokota tu.
Mtu anabisha mlangoni, mapigo mawili na moja la kuchelewa,
mkono wa tarishi, haubadiliki.
Najua ana sababu tatu kwa nini kifuniko ni chake.
Nimeshabandika maji.
Mimi ninazo nne.